Gari la Mkwe Wangu Lililogonga Nyuma Mpaka Lamadi

Mmeniona nimerudi, na kila nikivuta kiti hapa kwenye drafti mtu ananiuliza, "Mzee, ikawaje huko Bunda?" Nikianza kusema, anafika mwingine, naambiwa nianze upya. Koo lenyewe ni la mzee. Basi nimekaa na kalamu. Mimi niliishia darasa la tatu na mwandiko wangu unapanda mlima, mtavumilia. Akimaliza mmoja ampe mwenzake, mimi mniache ninywe kahawa.

Kwa wale wasiojua mwanzo wake: binti yangu Nyanzala aliondoka kwa mumewe Masalu, yule seremala wa Igogo hapa hapa Mwanza, akaenda kwa shangazi yake. Huyo shangazi ni dada yangu Milembe, anakaa ufukweni, mbele ya Bunda. Hapa kwetu Mabatini Nyanzala hakuja, maana anajua mama yake angempa maji ya kunywa na kumrudisha siku hiyo hiyo. Akakaa huko mpaka mvua zikaisha. Ndipo Milembe akapiga simu. Amepata mwanamke mwenye duka Sirari, kule mpakani, anataka msaidizi, na Nyanzala ataondoka Jumatatu. "Mkitaka kumwona, mje kabla," akasema. "Na huyo mume akiwa na neno, aje nalo."

Kwetu mume hamfuati mke peke yake, anakwenda na mzee wa kwao. Wa kwao Masalu amebaki baba mdogo mmoja tu, naye mguu umemvimba haingii kiatu. Basi Masalu akaja kuniomba mimi, baba wa mwanamke, nimsindikize kumfuata mwanangu mwenyewe. Ni kama mtu kumwomba mwenye mbuzi amshikie kamba. Nikakubali, maana kijana namwona si mbaya, ila hasemi. Ukimwuliza habari za kazi anakujibu "nzuri" na hapo mazungumzo yameisha, mtabaki mnatazama kuku.

Halafu mke wangu akasema naye anakwenda. Hapo ndipo safari ilipopata uzito, na sisemi kwa sababu ya mwili wake, ingawa mwili nao upo.

Mabatini mpaka Kisesa

Mjue kwamba mke wangu ni mtu wa zamani. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao, nimeona harusini kwa macho yangu, wala hakuna aliyeanguka. Mke wangu hajafika huko. Tangu Masalu aoe hajawahi kulitamka jina lake mbele yake. Akiwa na la kusema ananiambia mimi, na mimi namwambia Masalu aliyekaa pale pale akisikia kila kitu.

Gari la Masalu ni dogo, saluni ya zamani, nyeupe, matako juu kama nyuki. Mke wangu akakaa nyuma upande wa kushoto, amejifunika kanga kichwani. Mimi mbele. Masalu, kabla ya kuwasha, akakipindua kile kioo cha kati kikaangalia paa, asije akakutana na macho ya mama mkwe. Nikaona ni adabu nzuri, sikusema kitu.

Tulipokaribia Kisesa trafiki wakatusimamisha. Akaja mwanamama, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Dereva, kioo chako kinaangalia mbinguni. Unamsubiri nani?"

Nikaeleza mimi. Afande akainama akachungulia nyuma. "Shikamoo mama. Eti huyu ni mkweo?"

"Marahaba mwanangu," akajibu mke wangu, halafu akanigeukia mimi. "Mwambie ndiye."

Nikamwambia ndiye. Afande akaziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Akasema sheria haijui mkwe, kioo kirudi mahali pake. Kikarudi. Mke wangu akashusha kanga ikamfunika mpaka pua, akasafiri hivyo mpaka Magu kama mzigo wa mtu mwingine.

Na gari lilikuwa linagonga. Tangu Igoma nilisikia huko nyuma, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa rungu. Kila shimo, ko. Kila tuta, ko. Mke wangu akanigusa bega.

"Mwambie huyo bwana kwamba linagonga likiinuka kutoka kwenye shimo, halilii likishuka. Tena ni upande huu wa kulia usio na mtu. Na mimi nikisogea katikati linapungua."

Nikamwambia Masalu, "Mama anasema nyuma kunagonga."

"Nasikia, baba."

Nilifupisha. Ujumbe wa mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma una mkia mrefu, na mtu anayeendesha umpe kichwa tu.

Kisesa mpaka Magu

Mbele kidogo barabara ilikuwa inatengenezwa, tukatupwa kwenye mchepuko wa udongo. Mchepuko ule sijui aliuchora nani. Tulikuwa nyuma ya lori la pamba, na pamba ilikuwa inadondoka kidogo kidogo, njia imekuwa nyeupe kama tunamsindikiza bi harusi. Nilikumbuka zamani nilipokuwa utingo wa lori la kiwanda cha kuchambua pamba. Lori likilia, dereva wetu alikuwa anashuka, anapiga kila tairi teke, anarudi, anasema "twende." Tulikuwa tunafika. Mara moja hatukufika, lakini hiyo ni habari nyingine na wenzangu wa safari ile wamekwisha kufa.

Mlio ukazidi. Masalu alikuwa ameshika usukani kama anashika mtu asikimbie. Akasema, bila kuulizwa, jambo ambalo kwake ni nadra, "Likikatika hapa, Jumatatu itatukuta barabarani."

Magu tukaenda kwa fundi mmoja aitwaye Deus, chini ya turubai la bluu. Akaegemea buti, akalikandamiza kwa mikono miwili, akaachia. Gari likashuka, likapanda mara moja, likatulia. "Shokapu nzima," akasema. "Ingekuwa imekufa lingecheza kama mtumbwi." Akachukua nondo, akaitia huko chini, akatikisa. "Bushi zimechoka. Nipige jeki. Mama ashuke."

Masalu akanitazama mimi. Nikamgeukia mke wangu. Mke wangu kushuka kwenye gari lile lililoinuliwa nyuma ni kazi, anageuka kwanza, anatanguliza mguu, anashika mlango, anapumzika. Hakutaka mkwe aone. Akasema, "Mwambie aende dukani."

Nikamwambia Masalu aende dukani. Akaenda akasimama huko na soda mkononi, haifungui, ameupa mgongo uwanja mzima. Ndipo mke wangu akashuka.

Sasa fundi yuko chini ya gari, mwenye gari yuko dukani kwa adabu. Deus akaniuliza kutoka chini, "Babu, hili gari nani kaliinua? Naona kuna vipande vya mpira vimetiwa kwenye springi."

"Sijui. Mwenyewe yuko dukani."

"Mwite basi."

"Haiwezekani mpaka mama apande."

"Na mama hawezi kupanda mpaka nishushe jeki."

"Ndivyo ilivyo."

Deus akacheka huko huko chini, akaachana na swali. Akabadilisha bushi. Zile kuukuu akanionyesha, na kweli zilikuwa zimepasuka kama kisigino cha mkulima. Hakutudanganya. Alijibu swali aliloulizwa.

Magu mpaka Lamadi

Pale kwa Deus palikuwa na mtu mmoja mrefu, mwalimu wa kwaya, anatafuta usafiri wa kwenda Lamadi. Tukampa nafasi. Kwa kuwa ana miguu mirefu nikamwachia mbele, mimi nikaenda kukaa nyuma na mke wangu, upande wa kulia. Aliposikia gari lilikuwa na matatizo akaomba tuinamishe vichwa, akaliombea. Aliomba sana. Alitaja magurudumu yote manne na la akiba.

Tukaondoka. Gari kimya. Shimo la kwanza, kimya. Tuta, kimya. Masalu akapiga usukani kiganja kidogo, akasema, "Deus ni fundi."

"Deus alifanya ya mikono," akasema mwalimu wa kwaya. "Mengine yamefanywa kutoka juu."

Wakabishana taratibu mpaka ziwa likaonekana upande wa kushoto, au niseme mwalimu alibishana na Masalu akasema "mh." Sisi huku nyuma tulikuwa tunatafuna michembe, vile viazi vikavu, na karanga. Mke wangu alikuwa ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza mtoto amelala au anajifanya. Akaninong'oneza, "Halijapona. Limekaliwa." Nikamwambia ale michembe.

Lamadi mwalimu wa kwaya akashuka, akatubariki, akaenda zake. Nikarudi mbele. Tukaenda kutafuta mahali pa kula. Tuta la kwanza: ko.

Masalu akasimamisha gari katikati ya watu. Bodaboda mmoja aliyeona tukibarikiwa akapita akasema, "Mzee, mwambie dereva mtumishi kashuka na baraka zake."

Lamadi

Tulikula kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi. Sato wa kukaanga, ugali, na mchicha ambao chumvi ilikuwa imesahauliwa. Masalu hakuweza kukaa nasi, akapewa sahani yake nyuma ya jiko, amechuchumaa kando ya mkaa. Mama ntilie akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dereva wenu amekosa nini hata mnamnyima kiti?"

"Ni mkwe. Yule pale ni mama mkwe wake."

"Aa," akasema. "Basi ngoja nimwongezee kichwa cha samaki, naona ana safari ndefu."

Giza likaingia, mafundi wamefunga. Tukalala gesti, Masalu akalala garini. Asubuhi kengele za kanisa zinalia, ni Jumapili, lakini tukampata fundi Hamisi, mtu wa ndevu, yeye siku yake ya msikiti ilikuwa imepita. Naye akakandamiza buti, naye akasema shokapu nzima. Akaendesha akiwa na Masalu peke yao wakazunguka, gari likagonga vibaya kuliko siku zote. Akarudi anakuna ndevu. Akasema labda bushi ni feki, labda shokapu inadanganya, labda afungue yote mpaka jioni.

Jioni. Na kwa Milembe bado mbali, na kesho yake ndiyo Jumatatu.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, ametupa mgongo. Nikamsikia anavuta pumzi. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Masalu."

Nilidhani kuna Masalu mwingine amepita. Kijana mwenyewe aliganda na spana mkononi.

"Nilimwambia baba yako tangu Igoma, naye kakupa nusu. Gari lako linagonga likiinuka, halilii likishuka. Upande wenye mtu halilii. Jana baba yako alikaa kulia, likanyamaza. Kashuka, limeanza. Leo mmekwenda wawili mkakaa mbele, nyuma tupu, likalia pande zote. Umewahi kumfunga mbuzi kamba fupi? Akikaa hapo karibu na mti ametulia. Akikimbia anafika mwisho wa kamba, inamrudisha kwa nguvu. Kuna kitu huko chini kina kamba fupi."

Hamisi akapiga jeki, nyuma ikapanda, magurudumu yakaning'inia. Akaingia chini na tochi. Akatoka polepole.

"Mama amesema sawa. Shokapu imenyooka yote, imefika mwisho, na springi bado inataka kusukuma. Umeweka mipira, gari limeinuka, lakini shokapu ni zile zile za zamani, fupi. Likiwa na mzigo linakaa chini, kamba inalegea. Likiwa tupu linapanda, linajivuta. Ndiyo hiyo ko. Na kichwa cha shokapu kimeanza kulegea, huko kwenye mawe kitang'oka." Akafuta mikono. "Natoa mipira, mnaondoka sasa hivi."

"Usitoe," akasema Masalu.

"Basi tafuta shokapu ndefu. Hapa hakuna. Labda Mwanza, labda katikati ya wiki."

"Mipira isitolewe."

Nikamwuliza kwa nini. Akatazama chini. Akaondoka akaenda kusimama kule panapoonekana maji, akakaa huko kitambo. Hamisi akaniambia, "Babu, wenye magari wana mambo." Nikamwambia ni kweli. Masalu aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema neno moja, "Toa," na vile vipande vya mpira akaviokota mwenyewe akavitia kwenye buti.

Lamadi mpaka kwa Milembe

Gari likawa kimya na la chini. Karibu na mbuga tulisimama nipate kujisaidia, nyani mmoja mkubwa akaja akatia mkono dirishani, akachukua mfuko wa michembe kwenye mapaja ya mke wangu, akakaa nao katikati ya barabara kama mwenye duka. Mke wangu akasema, "Mwambie Masalu apige honi," halafu akakumbuka, akasema, "Masalu, piga honi." Akapiga. Nyani hakujali.

Bunda tukaiacha barabara kubwa. Lami ikaisha, mawe yakaanza. Sasa gari liko chini, na kila jiwe linakwangua tumbo. Pale palipokuwa pabaya Masalu alisimama. Hakunitazama mimi. Akafungua mlango wa nyuma, macho ameyaelekeza kwenye miti, akasema, "Mama, naomba ushuke, nisije nikalikalisha juu ya jiwe." Mke wangu akashuka mbele yake, mguu kwanza, mlango, pumziko, yote. Tukatembea nyuma ya gari, wazee wawili, kanga imerudi mabegani. Mke wangu akaniambia, "Si mtu mbaya."

Nikamwambia hilo nilikuwa nalijua.

"Wewe unajua nusu nusu," akasema.

Kwa Milembe

Dada yangu Milembe ni mkubwa kwangu na hajawahi kuniachia nisahau. Nikamwamkia, akaitikia, akatupa maji, akatuweka uani. Begi la Nyanzala lilikuwa mlangoni, limefungwa tayari. Nyanzala mwenyewe akaja akapiga magoti kutuamkia. Kwa Masalu akasema, "Umefika," naye akajibu, "Nimefika."

Milembe akaanza. "Nani anasema kwa upande wa mume?"

"Mimi."

"Wewe si baba wa mke?"

"Na hapo pia ni mimi."

"Basi jiulize ujijibu, sisi tutasikiliza."

Nilikuwa nimeandaa maneno, nikaanza na ile habari ya ndoa ya wazazi wetu. Milembe akaniambia ndoa hiyo aliiona kabla yangu. Akamwambia Nyanzala aseme.

"Sikupigwa, baba," akasema Nyanzala. "Sikunyimwa chakula. Tumemzika mtoto, na tangu tumzike hajanitajia. Natoka hospitali, nakuta yuko chini ya gari. Wiki nzima yuko chini ya gari. Nikimwita anasema mh. Nikaona kama mtoto alikuwa wangu peke yangu."

Hilo la mtoto mnalijua, wengine mlikuja mazikoni mkatia udongo kwa mkono. Sitalirudia.

Masalu akataka kusema. Akamtazama mke wangu, akatazama chini, maana mbele ya mama mkwe mambo ya chumbani hayasemwi. Mke wangu akaelewa. Akanyanyua kigoda chake, akakigeuza, akakaa ametupa mgongo sote.

"Mimi natazama ziwa," akasema. "Aseme."

Basi akasema. Si mzungumzaji, maneno yalikuwa yanatoka kama misumari kwenye mbao ngumu. "Siku ile nakupeleka kujifungua, gari lilikalia jiwe pale kwenye mtelemko wa Igogo. Nikashuka nikalisukuma. Ulikuwa unaita. Tulichelewa pale. Daktari aliniambia tusingechelewa ingekuwa vile vile. Sikumwamini. Nikaliinua gari, lisikalie jiwe tena. Nilikuwa chini yake kwa sababu hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasema ni jiwe lile."

Milembe, ambaye namjua miaka yote hajakosa neno, akainuka akaenda kukoroga sufuria lisilohitaji kukorogwa. Mke wangu aliendelea kutazama ziwa, lakini mkono ulikuwa unapangusa uso kwa pindo la kanga.

"Nisingesema," akajibu Nyanzala mwishoni.

Hakusema lingine jioni ile. Tulikula furu, vile visamaki vya ziwani, na ugali wa muhogo, chakula kizuri, mifupa mingi.

Kurudi

Jumatatu asubuhi Nyanzala alibeba begi lake mwenyewe akalitia kwenye buti. Hakuna aliyemwuliza linakwenda wapi. Milembe alimpa samaki wakavu, na samaki wakavu mtu anaweza kwenda nao Sirari na anaweza kwenda nao Mwanza. Nyanzala akakaa mbele, mimi nikasogea nyuma. Mawe yale tukashuka wote tukatembea.

Tulipofika Bunda, pale unapoingia barabara kubwa, kushoto ni Musoma na Sirari, kulia ni Mwanza. Masalu akasimama. Nyuma yetu lori likapiga honi, hakujali. Akamgeukia mkewe.

"Nikupeleke wapi?"

Nyanzala akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayevuka. Mke wangu alinishika kidole akakiminya, bado kinauma.

"Kulia," akasema. "Lakini ukininyamazia, mimi nashuka Lamadi."

Basi Masalu akaanza kuongea. Aliongea habari za mbao, mninga na mkongo, upi unapinda na upi haupindi. Akaongea habari za mteja aliyeagiza kitanda kikashindwa kupita mlangoni. Akaongea habari za mtoto, kidogo, kwa sauti ya chini, jina walilokuwa wamekubaliana, nami nikatazama nje. Maneno yakamwishia kabla ya mbuga kwisha, akaanza kutusomea mabango ya barabarani, moja baada ya jingine, mpaka lile la kanisa na lile la dawa ya ng'ombe. Lamadi ikaonekana. Akapunguza mwendo pale stendi, jasho linamtoka, anasoma bango la mtu anayeuza mbegu.

Nyanzala hakushuka.